Dar–Dodoma: ndege, SGR au basi? Piga hesabu toka geti la nyumbani

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile, eti Dar mpaka Dodoma kwa ndege ni muda gani, na nikishamjibu "saa moja na kidogo" naona kabisa ameshajipangia kichwani kwamba saa mbili asubuhi yuko kitandani Sinza na saa tatu na nusu anakunywa chai Dodoma. Hii njia mimi naijua vizuri, nimeenda kwa basi miaka mingi, nimeenda na ndege za pangaboi na za jeti, na toka SGR, ile treni mpya ya umeme, ianze kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024 nimepanda treni mpaka nimeacha kuhesabu, maana dada yangu yuko kule na mama anakaa kwangu huku Dar kwahiyo familia nzima hatukauki njiani. Naomba niwawekee hesabu yote hapa ili mtu achague kulingana na anapokaa na anapokwenda, sio kulingana na zile dakika zilizoandikwa kwenye tiketi.

Kwanza umbali, maana hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa. Toka uwanja wa Julius Nyerere pale Kipawa mpaka uwanja wa Dodoma, ukipima mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 390. Barabara na reli zote zinacheza kwenye 450 hivi. Ndege inakata magharibi na kupandisha kaskazini kidogo tu, wakati reli ikitoka Morogoro inajipinda kwenda Kilosa, inafuata bonde la mto Mkondoa, inapita Kidete na Gulwe ndio inatokea Dodoma, na barabara yenyewe ikitoka Moro inapanda kwa Dumila na Gairo. Kwahiyo angani unaokoa kama kilomita 60, na hizo sio nyingi kihivyo. Linganisha na Dar–Mwanza, angani ni kama 850 na barabarani inapita 1,100, huko mimi sibishani na mtu, kama una hela panda ndege. Ila Dodoma ni umbali wa katikati, sio karibu kama Zanzibar ambako uwanja kwa uwanja ni kilomita 70 na kitu tu, na sio mbali kama Mwanza, na ndio maana kuchagua kunakuwa kugumu.

Sasa zile programu za mtandaoni za kupima umbali wa ndege. Unaandika viwanja viwili inakuletea kilomita na muda, na muda wenyewe mara nyingi wameupata kwa kugawanya tu, wanachukua spidi ya jeti kama kilomita 800 kwa saa, 390 ukigawa kwa 800 unapata dakika 29. Mtu anaona dakika 29 anaamini. Lakini ndege haiwi kwenye spidi hiyo toka inaacha lami mpaka inagusa lami. Jeti ikienda juu futi 30,000 inachukua kama robo saa kupanda, na hapo ishakula karibu kilomita 150. Kushuka nako kuna kanuni marubani wanaitumia, kila futi 1,000 za kushuka wanaziwekea kama maili 3 za angani, na maili moja ya angani ni kilomita 1.85. Uwanja wa Dodoma wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, kwahiyo toka futi 30,000 unashuka kama futi 26,000 na kitu hivi, na hizo zinataka kama kilomita 150 za kushukia. Jumlisha 150 ya kupanda na 150 ya kushuka halafu toa kwenye 390 uone kinachobaki. Kilomita 90! Ile spidi kubwa ya jeti unaila kwa dakika sita saba tu, kabla hujamaliza juisi yako rubani anatangaza tunaanza kushuka.

Ndio maana kwenye njia hii tofauti ya jeti na pangaboi ni ndogo kuliko watu wanavyofikiria. Pangaboi ya ATR inaenda kama kilomita 500 kwa saa ikishatulia juu, bombadia Q400, nayo pangaboi, inafika kama 650, jeti ya Airbus A220 inapita 800, lakini zikifika chini Dodoma zimepishana labda dakika 15 au 20, na hizo dakika unazipoteza zote ukisubiri begi lako moja. Mimi siku hizi wala siangalii aina ya ndege kwa ajili ya muda, naangalia kwa ajili ya mambo mengine. A220 ina viti 132, ni kimya, ina nafasi. Bombadia ina viti 76, wawili huku wawili kule, hakuna kiti cha katikati, na bawa liko juu ya dirisha kwahiyo kama unapenda kuangalia chini unaona kila kitu, ila kelele ya panga ipo, kaa mstari wa mbali na panga. ATR mlango wa abiria uko nyuma, watu wengi hawajui, wanagombania viti vya mbele halafu wakitua wanakuwa wa mwisho kushuka, kwahiyo kama una haraka omba kiti cha nyuma. Na kwenye hizi za panga lile kabati la mizigo juu ya kichwa ni dogo, begi la kuburuta mara nyingi wanalichukua pale chini ya ngazi wanaliweka kwenye mizigo, kwahiyo laptopu na dawa zitoe mapema uzishike mkononi.

Kingine, ule muda wa kwenye ratiba, saa moja na dakika tano au na kumi, sio muda wa kuwa hewani. Wanahesabu toka ndege inaanza kusogea kwenye maegesho, inatembea mpaka njia ya kurukia, inasubiri zamu, inaruka, inatua, inarudi kusimama. Huo ni muda wa kweli na ndio wa kuutumia kwenye hesabu zako, zile dakika 29 achana nazo.

Haya, sasa hesabu yenyewe. Tuchukue mtu anakaa Tegeta anaenda kikao mjini Dodoma, siku ya kawaida, hakuna mvua, foleni ya kiasi.

Kwa ndege: Tegeta mpaka Kipawa saa moja (akibahatika), kufika uwanjani mapema saa moja na nusu, ndege saa moja na dakika 10, kushuka na kusubiri begi dakika 20, bajaji au teksi mpaka mjini dakika 15. Jumla masaa manne na robo.

Kwa SGR ya ekspresi: Tegeta mpaka stesheni mjini saa moja, kufika mapema saa moja, treni kama masaa matatu na dakika 25, kutoka stesheni dakika 15, bajaji dakika 20. Jumla masaa sita.

Kwa basi: Tegeta mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi dakika 45, kusubiri nusu saa, basi masaa nane, stendi ya Nanenane mpaka mjini nusu saa. Masaa tisa na dakika 45, na hiyo ni siku nzuri.

Umeona hapo? Ndege inaishinda treni kwa saa moja na dakika 45. Sio kwa masaa mawili na robo kama tiketi zinavyokudanganya, wala sio "ndege saa moja treni masaa manne" kama watu wanavyosema. Sasa weka hela. Nauli iliyotangazwa SGR ilipoanza 2024 ilikuwa 31,000 kwa treni ya kawaida Dar mpaka Dodoma na 40,000 kwa ekspresi daraja la chini. Tuseme ndege umepata tiketi ya laki mbili, na ukikata siku mbili kabla ya safari mshukuru Mungu ukiipata kwa hiyo. Laki mbili toa elfu 40 ni laki na sitini, kwahiyo unanunua saa moja na dakika 45 kwa laki na sitini. Kuna mtu kwake huo muda una thamani hiyo na zaidi, ana kesi mahakamani, ana mgonjwa, ana mkataba wa kusaini, aende tu. Lakini mtu anaenda harusi ya binamu Jumamosi na amefika Ijumaa, halafu anakopa ili apande ndege, mimi huyo namshika mkono namwambia kaa chini tuongee.

Ila hesabu ya Tegeta sio hesabu ya Gongo la Mboto, na hapa ndipo nataka watu wapatilie maanani zaidi ya pote.

Ukikaa Gongo la Mboto, Ukonga, Kipawa, Vingunguti, uwanja wa ndege uko mlangoni kwako. Nusu saa ushafika hata kwa daladala. Kwako ndege inashuka mpaka masaa matatu na dakika 45. Na treni nayo, badala ya kwenda mpaka mjini kuna stesheni ya Pugu, unapandia hapo, ila angalia kwenye ratiba kama treni unayoitaka inasimama Pugu maana ekspresi haisimami kila kituo. Usije ukajiendea Pugu na tiketi ya kupandia mjini.

Ukikaa Kimara, Ubungo, Magomeni, stori ni nyingine kabisa. Basi la mwendokasi lina njia yake, unapanda Kimara unashuka Gerezani, na toka Gerezani mpaka stesheni ya SGR ni mwendo mfupi. Mtu wa Kimara kwenda Kipawa asubuhi lazima akapambane na barabara ya Mandela na pale Tazara, hata na ile flaiova ya Mfugale foleni bado unaiona. Kwa mtu wa Kimara tofauti ya ndege na treni inabaki saa moja na kidogo tu, wakati mwingine chini ya hapo. Angalizo moja, mvua kubwa ikinyesha na Jangwani ikijaa maji mwendokasi inasimama, kwahiyo kipindi cha masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, kabla ya kutoka uliza kwanza Jangwani kunapitika.

Kigamboni nao, ukivuka na pantoni ushuke upande wa Magogoni stesheni iko karibu, bodaboda ya dakika chache. Uwanja wa ndege kwako ni kupita daraja la Nyerere halafu Kurasini halafu Mandela, na kila mtu anajua Mandela na yale malori ya bandarini. Mtu wa Kigamboni mimi namwambia treni, hata kama hela ya ndege anayo.

Mbezi Luis, Kibamba, Kibaha? Nyie ndio peke yenu ambao basi bado lina maana, kwasababu stendi iko kwenu na basi likitoka linaenda mbele moja kwa moja. Kurudi mjini kufuata treni unapoteza saa moja na nusu unarudi nyuma. Bado treni itakuwahisha kwa masaa mawili na zaidi ukijumlisha yote, sibishi, lakini ukiwa na mizigo, na watoto wawili, na gunia la mchele la bibi, basi linakupakia getini kabisa. Na toka Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, unaweza kulala Kibaha ukaamka Dodoma, ingawa mimi kwa usalama bado napendelea mchana.

Halafu upande wa kule. Watu wote wanahesabu Dar wanasahau Dodoma. Uwanja wa ndege wa sasa uko mjini kabisa, ukitoka nje ya geti uko mjini, na hili ni jambo kubwa, viwanja vingi nchini vinakushusha porini kwanza. Mtu anayeenda katikati ya mji ndege inampa faida mara mbili. Lakini kama unaenda Mtumba kwenye mji wa serikali, wizarani, huko ni kama kilomita 17 nje ya mji upande wa barabara ya kuja Dar, kwahiyo umeshuka mjini unaanza tena kurudi nyuma. Na cha kushangaza mtu wa basi anapita Mtumba kabla hajafika mjini, anamwambia konda "nishushe hapo" anaingia wizarani na begi lake mgongoni. Simshauri mtu wa kikao cha saa nne asubuhi apande basi, nasema tu kwamba unakokwenda kunabadilisha hesabu kama unakotoka.

Sasa nielezee habari ya mama, maana ndiyo iliyonifungua macho. Mwaka ule treni inaanza mama magoti yalikuwa yanamsumbua sana, dada akasema mlete kwa ndege asipate shida, ni saa moja tu. Tukakata tiketi ya saa tano asubuhi. Tulitoka nyumbani saa mbili na nusu kwasababu ya foleni, tukafika mapema, tukakaa. Saa tano ikafika, kwenye ile skrini ikabadilika ikaandika saa sita, halafu saba kasoro. Shirika sina haja ya kulitaja, inaweza kumtokea yeyote. Mama amekaa kwenye vile viti vya chuma, kiatu kimoja kakivua, anasugua goti na kanga yake, kila kipaza sauti kikilia ananiuliza "wanatuita sisi?" namwambia "bado mama". Tuliruka saa saba. Hewani hata hakumaliza karanga zake. Tulipofika kwa dada ilishakaribia saa tisa, akaulizwa vipi mama ndege, akajibu, "Mwanangu, nimekaa sana kwenye viti vya kusubiria kuliko kwenye ndege yenyewe." Tulitoka saa mbili na nusu tukaingia saa tisa kasoro, zaidi ya masaa sita.

Kurudi alikataa ndege. Tukapanda treni, na kusema kweli mimi ndio nilikuwa na wasiwasi, nikidhani masaa matatu na nusu goti litavimba. Lakini kwenye treni anasimama, anatembea kwenye korido anashikilia migongo ya viti, anaenda chooni anarudi, ananyoosha mguu. Stesheni zina lifti na ngazi za umeme. Tulipoanza kuiacha Dodoma akawa anahesabu mibuyu kwa kidole kwenye kioo, kule Kilosa treni ikaingia kwenye mahandaki akanishika mkono, ikatoka akacheka. Ile njia ya zamani ya reli hapo Kilosa na Gulwe ilikuwa kila masika inabebwa na maji, yeye anaikumbuka, aliwahi kukwama huko akiwa binti, kwahiyo alikuwa anaangalia lile bonde kwa hamu ambayo mimi sina. Alifika Dar hajalalamika goti hata mara moja. Toka siku ile kwa mzee yeyote mwenye shida ya miguu au mgongo, ambaye anaweza kutembea mwenyewe, mimi nasema treni bila kuuliza mara mbili. Mgonjwa hasa, ambaye hawezi kukaa, hiyo ni habari ya daktari.

Upande wa kazi. Masaa manne na robo ya ndege yamekatwakatwa vipande, uko kwenye gari, uko kwenye foleni ya kukaguliwa, uko kaunta, umekaa, umeitwa, umekaa tena, umefunga mkanda, laptopu ifungwe. Ukijumlisha muda ambao kweli unaweza kufanya kitu cha maana labda unapata dakika 50. Kwenye treni una masaa matatu na nusu ya mfululizo, meza ipo, umeme wa kuchajia upo, ripoti unaandika unamaliza. Mtandao wa simu unakatika katika kule milimani, kwahiyo kama una kikao cha video usikipange njiani, pakua mafaili yako kabla. Mimi ripoti zangu mbili kubwa za mwaka jana nimeziandikia kati ya Ngerengere na Gulwe. Kwahiyo ukiniuliza nani ananipotezea muda zaidi, kwa kazi yangu mimi, ndege inanipotezea masaa matatu na dakika 25 na treni inanipotezea mawili na nusu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni simu simu muda wote, hesabu hii inageuka, huyo apande ndege.

Kuhusu kuchelewa na kukosa safari. Ndege ukiikosa ya asubuhi inayofuata inaweza kuwa ya jioni, na kubadilisha tiketi unalipa, wakati mwingine unalipa karibu bei ya tiketi mpya. Kaunta ya safari za ndani inafungwa dakika 30 mpaka 45 kabla ya kuruka kutegemea na shirika, na wakishafunga wamefunga, usilie. Tena angalia tiketi yako imeandikwa terminali ya 2 au ya 3, ni majengo mawili tofauti na yako mbalimbali, nimeona mtu anakimbia na begi kichwani kutoka jengo moja kwenda lingine jasho linamtoka. Treni nayo inaondoka kwa dakika yake, milango inafungwa kabla, na unakaguliwa mizigo kama uwanja wa ndege, kwahiyo ile tabia yetu ya kufika dakika tano kabla kama tunawahi daladala haipo. Beba kitambulisho, jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Tiketi ya treni unakata mtandaoni unapewa kontrol namba unalipia kwa simu, ukichelewa kulipa kiti kinarudi kwa wengine.

Hali ya hewa: mvua kubwa na mawingu mazito yanaweza kuichelewesha ndege, na mchana wa jua kali Dodoma, kwa kuwa uwanja uko juu na hewa ya moto inakuwa nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka, ndio maana saa nyingine wanapunguza mzigo. Asubuhi na mapema ndege inaruka vizuri zaidi na hewani hakuna mitikisiko mingi, anayeogopa kutikiswa akate ya kwanza kabisa. Treni inategemea umeme, umeme ukileta hitilafu mnasimama, hilo nalo liwekeni akilini mkiwa na jambo la lazima. Basi linategemea kila kitu, malori, ajali ya mbele yenu, mizani, trafiki, na lenyewe limefungiwa spidi 80, kwahiyo hata dereva awe na haraka vipi 450 hazimaliziki chini ya masaa sita na kusimama kula pale Msamvu, stendi ya Morogoro.

Kwa hiyo mimi nafanyaje mwenyewe? Nikiwa peke yangu naenda na kurudi siku hiyohiyo, kikao kiko katikati ya mji na ofisi ndio inalipa, napanda ndege ya kwanza ya asubuhi kwenda, halafu jioni narudi na treni kwasababu kurudi sina haraka na nataka kulala. Wengi hawafikirii kuchanganya, wanadhani ukienda na ndege lazima urudi na ndege. Tiketi ya ndege ya kwenda tu inakatwa kama kawaida. Nikiwa na mama au watoto ni treni, haina mjadala. Nikiwa na mzigo mkubwa, godoro, friji ya mdogo wangu aliyepanga, hapo ni basi au roli kabisa. Nikilipa mwenyewe toka mfukoni na sina dharura, treni ya kawaida ya 31,000, inazidiwa na ekspresi kwa muda mdogo na ile elfu tisa nanunua samaki wa kumpelekea dada.

Kitu kimoja tu kitanifanya nirudie hesabu hizi. Uwanja mpya uko Msalato, kama kilomita 12 toka mjini kwenye barabara ya Arusha. Ndege za Dar zikishahamia huko, ile robo saa ya bajaji niliyoiweka juu itakuwa nusu saa au zaidi na teksi itapanda bei, kwahiyo ile saa moja na dakika 45 ambayo ndege inaishinda treni itapungua iwe saa moja na nusu au chini ya hapo. Anayeenda Msalato kwenyewe au Veyula atafurahi. Sisi tunaoshukia mjini itabidi tushike tena karatasi na kalamu.